Uvimbe Si Ushahidi

Fundi cherehani alishona huku amekalia upande mmoja wa kiti. Mama mkwe wake, aliyekuja kuchukua gauni, akamtazama.

"Mwanangu, mbona umekaa kama kuku anayeatamia?"

Fundi akaacha kukanyaga pedali. Machozi yakamtoka. Ana uvimbe kwenye shavu la uke, akasema. Ulianza kama punje ya harage, sasa unalingana na limau. Mumewe, seremala, alipouona alisema, "Huo umeutoa kwa wanaume wako." Akamnunulia vidonge vya magonjwa ya zinaa, kisha akahamia kulala sebuleni. Vidonge viliisha, uvimbe ukabaki.

"Nataka kuutoboa kwa sindano, mama. Nimechoka."

"Usithubutu. Kesho tunakwenda hospitali. Na yule mwanangu asiye na haya anakuja."

Seremala alikuja amenuna. Daktari, mama wa makamo, alimpima fundi nyuma ya pazia, kisha akampiga picha ya ultrasaundi. Akamwomba ruhusa ya kumweleza mumewe. Fundi akasema, "Mwite, na mama mkwe pia. Nataka asikie."

"Hiki ni kifuko kilichojaa majimaji mazito," daktari akasema. "Hutokea kwa nadra. Hakiambukizi na hakitokani na uzinzi. Hakionekani kuwa saratani, ila tutakitoa na kukipima maabara tupate uhakika."

"Si mtoboe tu maji yatoke?" seremala akauliza.

"Maji yatatoka, kifuko kitabaki na kujaa tena. Akijitoboa nyumbani, ataingiza na vijidudu. Sisi tutamtia ganzi, tukitoe chote, tushone."

Fundi akamgeukia mumewe. Hakupaza sauti. "Daktari amenipima ndipo akasema. Wewe ulinihukumu kwanza."

Seremala akainamisha kichwa. Mama yake hakumtetea.

Upasuaji ulikwenda vizuri, na fundi akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kidonda kilipona. Majibu ya maabara yakaja: hakuna saratani.

"Nisamehe, mke wangu," seremala akasema.

"Ulinitangaza kwa dada zako kuwa nina ugonjwa wa zinaa. Msamaha wa chumbani hautoshi. Vaa viatu, twende."

Wakaenda. Seremala akasema yote mbele ya dada zake, kwa sauti ndogo.

"Hawajasikia," fundi akasema. "Rudia."

Akarudia.