Skrini ya Jepkemboi

Kila asubuhi, baada ya kupeleka maziwa barabarani ambako gari la kuyakusanya hupitia, Mwihaki alinawa mikono, akavaa sare na kwenda kumngoja Jepkemboi kwenye lango la kwao. Familia zao zilipakana nje kidogo ya mji wa Kitale, moja ikilima viazi na nyingine mahindi.

Jepkemboi alizaliwa na macho dhaifu. Njia aliiona, na watu aliwaona, lakini sura zao zilimjia kama zimefunikwa na ukungu mpaka wamkaribie sana. Maandishi ya ubaoni hakuyaona kamwe. Hata hivyo hakupenda kushikwa mkono.

"Wewe tembea mbele kidogo tu," alizoea kusema. "Nitafuata sauti yako. Lakini usiache kuongea."

Mwihaki hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Aliongea mpaka shuleni.

Wote wawili walikuwa katika Gredi ya Saba. Tangu alipoanza shule, Jepkemboi alikuwa akisomewa vitabu na wenzake. Mwaka huo mambo yalibadilika. Mfadhili mmoja aliiletea shule skrini iliyotumika, pana kuliko zote katika chumba cha kompyuta. Mwalimu Chepkosgei, aliyefundisha Kiswahili na kusimamia chumba hicho, aliiweka kwenye meza ya pembeni isiyopigwa na jua, akazikuza herufi mpaka zikawa nene kama vidole.

"Hii ni ya Jepkemboi," alisema.

Siku hiyo Jepkemboi alisoma ukurasa mzima peke yake, polepole, pua yake ikikaribia kugusa kioo. Alipomaliza hakuinuka. Alirudi juu akausoma tena. Kabla ya wiki kadhaa kupita, alikuwa ameanza kuandika hadithi yake mwenyewe kuhusu nyanya yake wa Kapsokwony, kule mlimani. Mwalimu aliipenda sana, akaahidi kwamba Jepkemboi angeisoma mbele ya wazazi siku ya kufunga muhula.

Kisha Jumatatu moja kompyuta ile ilijisasisha yenyewe kwa programu mpya. Ilipowaka, picha ilikuwa imevutwa kwa upana. Herufi zilinenepa na kingo zake zikafifia kama wino ulioingia maji. Jepkemboi alikaza macho mpaka kichwa kikamuuma.

"Mwambie Mwalimu," Mwihaki alimshauri.

"Hapana. Ameshanifanyia mengi. Ataona skrini hii ni mzigo."

Mwihaki alipenda kompyuta kuliko kitu kingine chochote shuleni, naye alimpenda rafiki yake. Alhamisi, wenzake walipokuwa wakila chakula cha mchana, aliingia chumbani peke yake na kufungua mipangilio ya picha. Alitazama nyuma ya skrini, akaona kibandiko kinachoonyesha upana na urefu wa picha inayoifaa. Vipimo hivyo havikuwa kwenye orodha ya kompyuta. Alitafuta mpaka akapata mahali pa kuviandika mwenyewe, akajaa furaha. Chini yake palikuwa na nafasi nyingine, ya mara ambazo picha huchorwa upya kwa kila sekunde. Ilikuwa imeandikwa sitini. Mwihaki alifikiri kwamba namba kubwa ni bora zaidi, akaandika sabini na tano.

Skrini ikazima. Mwihaki akashtuka. Alidhani mashine imekwama, akabonyeza kitufe cha kukubali. Akabonyeza tena. Giza halikuondoka. Alizima kompyuta na kuiwasha. Nembo ya kampuni ilijitokeza, moyo wake ukatulia, kisha giza likarudi palepale. Kengele ililia. Mwihaki alitoka na kufunga mlango taratibu.

Asubuhi iliyofuata Mwalimu Chepkosgei alisimama mbele ya darasa.

"Skrini kubwa haionyeshi kitu," alisema. "Nani anajua kilichotokea?"

Kiplangat, aliyekaa nyuma, akasema, "Mwalimu, si ni Jepkemboi hukaa hapo kila siku? Mwingine ni nani?"

Wengine wakamgeukia Jepkemboi. Hakuona nyuso zao vizuri, lakini alisikia madawati yakilia walipogeuka. Alisimama.

"Labda ni mimi, Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo. "Labda niligusa kitu bila kuona. Nisameheni."

Maneno hayo yalimchoma Mwihaki. Alikuwa amejiambia kwamba angesubiri, kwamba pengine kompyuta ingepona yenyewe, kwamba Mwalimu angeweza kuitengeneza bila kuuliza sana. Sasa rafiki yake alikuwa akiomba msamaha kwa jambo asilolifanya. Alisimama.

"Si Jepkemboi, Mwalimu. Ni mimi. Niliingia jana mchana bila ruhusa nikabadilisha vipimo vya picha. Nilitaka herufi zirudi zilivyokuwa."

Kiplangat aliinamisha kichwa. Mwalimu alimgeukia Mwihaki.

"Kuingia bila ruhusa ni kosa, na utafagia chumba hicho wiki nzima," alisema. "Lakini kusimama hapo si jambo rahisi. Asante. Sasa njoo unionyeshe ulichobonyeza."

Mwalimu alijaribu waya mwingine. Alijaribu kuzima na kuwasha. Mwishowe alisema waziwazi, "Hili limenizidi." Akampigia simu Walubengo, fundi wa kompyuta wa Bungoma aliyesoma naye chuoni, akamweleza kila kitu. Fundi huyo alikuwa na ombi lisilo la kawaida.

"Usiifungue," alisema. "Leteni mashine na skrini yake. Na mje na huyo aliyebadilisha, pamoja na yule anayeitumia."

Baba yake Mwihaki, Mzee Muchiri, alikuwa akipeleka viazi Bungoma Jumamosi. Mwihaki alipomsimulia yaliyotokea, aliweka jembe chini, akasikiliza mpaka mwisho.

"Umemwambia Mwalimu mwenyewe, au alikugundua?"

"Nilimwambia mwenyewe, baba."

"Basi kutakuwa na nafasi katika pikapu," alisema, akaokota jembe lake.

Jumamosi walifunga kompyuta na skrini yake kwa blanketi, wakaziweka miguuni pa Mwalimu, wasichana wakabanana kando yake, na pikapu ikateremka kuelekea Bungoma ikiwa na viazi nyuma.

Karakana ya Walubengo ilikuwa chumba kimoja karibu na soko, lakini kila waya ulining'inia mahali pake. Mwenyewe alikuwa mtu mrefu, mchangamfu, asiye na haraka.

"Karibuni! Kwa hivyo huyu ndiye fundi mwenzangu," alisema akimpa Mwihaki mkono. "Keti hapa. Niambie ulichofanya, hatua kwa hatua. Usiruke hata kile unachokionea haya."

Mwihaki alisimulia. Alipofika kwenye sabini na tano, Walubengo aliinua nyusi. Alipofika mahali alipobonyeza kitufe mara mbili gizani, fundi alipiga paja lake.

"Hapo! Unajua mashine ilikuwa ikikuuliza nini wakati huo? Ilikuuliza, 'Picha hii unaiona?' Ungenyamaza tu, ingerudi ilivyokuwa. Lakini wewe ukajibu ndiyo, na tena ndiyo."

Mwihaki alicheka bila kutaka, na hofu ikampungua.

"Sasa tusibahatishe, bana," Walubengo alisema. "Tubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja." Alichomeka skrini yao kwenye kompyuta yake. Ikawaka. "Skrini ni nzima. Na mlisema nembo hujitokeza kabla ya giza, kwa hivyo mashine nayo ni nzima. Ugonjwa uko katika mazungumzo kati yao."

Aliiwasha kompyuta ya shule kwa njia ya dharura, inayotumia picha ya kawaida kabisa. Picha ikatokea, kubwa na mbovu, lakini ilikuwa picha. Mwalimu Chepkosgei alishusha pumzi. Walubengo alimwachia Mwihaki kipanya.

"Futa ile sabini na tano wewe mwenyewe."

Akaifuta. Waliwasha upya, na skrini haikuzima tena. Lakini herufi zilikuwa nene na zenye ukungu, kama Jumatatu ile. Walubengo alifungua programu ya kuchora, akachora duara. Lilitokea kama yai lililolala.

"Mnaona? Hili si kosa lako, Mwihaki. Kuna programu ndogo iitwayo draiva, inayoiambia kompyuta jinsi ya kuchora picha. Kompyuta ilipojisasisha, ilileta draiva mpya yenye hitilafu, isiyoitambua skrini pana kama hii. Wewe ulikuta tatizo la kweli. Uliongeza la pili juu yake, basi."

Aliiondoa draiva mpya na kuweka ya zamani. Wakachora duara tena. Yai.

"Bado," alisema, bila dalili ya kuudhika. Alikuna kidevu. "Kwa nini bado? Sijui. Ngojeni nisome."

Mwihaki alimtazama kwa mshangao. Mtu mzima, fundi mwenye karakana yake, alikuwa amesema hajui mbele ya watoto, na uso wake ukabaki mkunjufu kama mtu aliyepewa kitendawili kizuri. Alisoma kimya huku wakinywa chai. Kisha akagundua kwamba kompyuta ilikuwa imeirudisha draiva mbovu yenyewe, kimyakimya, mara tu ilipopata intaneti. Alichomoa waya wa intaneti, akarudia kazi yote tangu mwanzo, akaizuia kompyuta isibadilishe draiva hiyo bila ruhusa.

"Sasa andika vipimo vya kwenye kibandiko," alimwambia Mwihaki. "Na ile namba ya chini?"

"Sitini."

"Sitini. Halafu mikono magotini."

Mwihaki aliandika, akakubali. Skrini ikazima. Vidole vyake vilitaka kuruka kwenye kibodi, lakini alivibana magotini. Akangoja. Picha ikarudi, pana na safi, na katikati kulikuwa na swali: je, aihifadhi? Alimtazama Walubengo. Walubengo aliitikia kwa kichwa, naye akabonyeza mara moja tu. Duara lilikuwa duara.

Mwalimu alipiga makofi, lakini fundi aliinua mkono.

"Tusisherehekee bado. Mimi naona vizuri, kwa hivyo siwezi kuwa shahidi. Jepkemboi, njoo wewe utuambie."

Jepkemboi aliketi. Walimfungulia hadithi yake. Alisogeza uso, kisha akarudi nyuma kidogo, na nyuma tena, mpaka akakaa wima kama wanavyokaa wengine.

"'Nyanya yangu huujua mlima kwa miguu yake,'" alisoma. Sauti yake haikukwama. "'Mvua ikinyesha, sisi huteleza, lakini yeye...'" Aliendelea mpaka mwisho wa ukurasa. Walubengo alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani, akisikiliza kama mtu aliyesahau kwamba ana wateja wengine mlangoni.

"Nani aliandika haya?" aliuliza.

"Mimi," alisema Jepkemboi.

"Basi kazi yangu ya leo imekuwa nzuri kuliko nilivyofikiri."

Jumatatu skrini ilirudi mezani pake. Kiplangat alikuja akiburuta miguu, akasema, "Jepkemboi, nilikusingizia. Pole." Jepkemboi alimjibu kwamba yamekwisha, akamwomba amsaidie kusogeza kiti. Mwalimu Chepkosgei alingoja darasa zima litulie, kisha akazungumza.

"Jumamosi nilimwona fundi hodari akifanya kazi. Hata hivyo alihitaji kitu ambacho ujuzi wake haungempa. Alihitaji ukweli wa mtu aliyekuwepo. Mwihaki alimwambia kila alichokifanya, hata yale ya aibu, na ndiyo maana tulijua pa kuanzia. Angenyamaza, tungeitupa skrini isiyo na kasoro, na mwenzenu asiye na hatia angebeba lawama. Mtu yeyote anaweza kukosea anapojifunza. Ukikosea, sema mapema, sema yote, kisha ukae hapo usaidie kutengeneza. Na wewe, Jepkemboi, kitu kikikuumiza, niambie siku hiyohiyo. Kukusaidia wewe kusoma si mzigo. Ni kazi yangu, na naipenda."

Jepkemboi alisema, "Ndiyo, Mwalimu," akaigeukia skrini yake na kuanza kuandika sura ya pili.