Majina kwa Mwalimu

"Majina kwa Mwalimu. Jumamosi saa nne. Kwa Warumi."

Ujumbe ulinaswa Alhamisi alasiri. Fartun Yarrow aliusoma mara moja, akaufuta kwenye Samsung yake, akavuta pumzi.

Wiki tatu alikuwa akingoja maneno hayo.

Huyo Mwalimu Fartun alimjua. Nani mwingine? Cyriaque, mzee wa miaka sitini na mmoja, Mkongo wa Bukavu, aliyefundisha historia mpaka vita vilipomkimbiza. Sasa aliishi Erdington, mtaa wa Birmingham, na mkewe Jeanne. Kila Jumamosi alikusanya watu wa Kiswahili, Wakenya, Watanzania na Wakongo wenzake, akawatembeza kwenye mabaki ya ngome ya Kirumi pale Metchley, bila malipo.

Majina yalikuwa manne. Mashahidi wanne kutoka Kongo, waliofichwa Birmingham, wakisubiri kusimama mahakamani dhidi ya tajiri mmoja wa dhahabu ya magendo. Wanamgambo wa tajiri huyo walichoma vijiji vizima. Mtu fulani alikuwa ameiba anwani za mashahidi, na sasa alikuwa akiziuza.

Zikimfikia tajiri, wanne hao hawangemaliza wiki.

Hata Fartun hakuambiwa ni akina nani. Idara ya ujasusi iliyomwajiri ilikuwa na msemo wake: asiyejua hawezi kuropoka.

Kwa wiki tatu hakuwa Fartun. Alikuwa Saido, mhudumu wa wazee kutoka Balsall Heath, msichana mpenda historia. Alikula kwa Jeanne mara nne. Mara ya kwanza, Jeanne alimwonyesha sufuria mpya, karatasi ya duka bado imeng'ang'ania ubavuni.

"Hii ni ya kwako, mwanangu. Nguruwe haijawahi kuingia humu. Ukule bila wasiwasi."

Fartun alikula sombe, yale majani ya muhogo, akasifu. Jeanne aliporudi jikoni kuosha vyombo, Fartun alipanda ngazi kimya akapekua droo za chumba cha kulala. Nguo. Biblia. Picha za watoto watatu, zimekunjwa ndani ya leso.

Hakupata kitu. Kwenye ripoti aliandika: *Hakuna alama yoyote. Huyu ni mtaalamu.*

* * *

Jumamosi. Saa nne na dakika tano.

Umande ulikuwa umeganda juu ya majani. Nyuma ya miti hospitali ilimeta kwa vioo vyake, na treni ya kwenda mjini ilipita chini ikitetemesha ardhi.

Wageni kumi na wawili. Fartun aliwahesabu, akawahesabu tena. Kila mmoja alikuwa na kipokezi kidogo kifuani na kisikilizio sikioni, maana Cyriaque alikuwa na sauti ya chini na upepo wa pale ulikuwa mwizi wa maneno. Vipokezi alivikodi dukani. Yeye alivaa maikrofoni kwenye ukosi wa koti.

Fartun alikuwa na sauti mbili masikioni. Sikio la kushoto, Mwalimu. Sikio la kulia, chini ya hijabu, Khalif, mkuu wa operesheni, aliyekaa ndani ya Ford Transit ya kijivu barabarani; hewani yeye aliitwa Kiota, Fartun aliitwa Kozi.

"Kiota kwa Kozi. Unanipata?"

"Nakupata."

"Mwalimu?"

"Mita sita. Mikono naiona."

Bastola, Glock 19, ilikuwa chini ya koti lake. Pingu mfukoni.

"Warumi hawakuacha jiwe hapa," Cyriaque alikuwa akisema. "Mawe mutaenda kuona kwingine. Hapa walijenga na udongo na mbao. Bon. Kwa hiyo leo munatembelea kitu chenye hakipo."

Watu walicheka. Mwanamume mmoja wa makamo, koti la ngozi ya kahawia, masharubu ya kijivu, alicheka zaidi. Alijitambulisha getini kama Gustave, mhandisi mstaafu kutoka Brussels. Alikuwa akitikisa kichwa kwa kila sentensi kama mwanafunzi mwema.

"Hili tuta munaliona? Lilikuwa ukuta. Na askari wenye walilala ndani, wengi hawakujua Roma hata kidogo. Walichukuliwa huku na huku. Watu wa mbali, kwa baridi ya watu wengine." Akatabasamu. "Kama sisi."

Jeanne alikuwa nyuma ya kundi na chupa kubwa ya chai. Alimpungia Fartun mkono.

Fartun naye akapunga.

Ndipo alipoona.

Bi Fosia, mama mnene wa Kisomali aliyelelewa Nairobi na sasa mkazi wa Stechford, alinyanyua mkono. Cyriaque akamwendea huku akiendelea kuzungumza. Mkono wake ukaingia mfukoni. Ukatoka umefumbwa. Ukakutana na kiganja cha Bi Fosia. Kitu kidogo cha fedha kikameta kwa sekunde moja.

Kikapotea.

"Kozi kwa Kiota. Kitu kimekabidhiwa."

"Una uhakika?"

Angeweza kungoja. Hatua tano tu zingemfikisha akaona. Lakini alikuwa na ripoti sita nyuma yake, zote zikisema ni Mwalimu. Mtu aliyeandika mara sita hapendi kuona vinginevyo.

"Nina uhakika."

"Mchukue."

Aliruka.

Alimshika Cyriaque bega na kiwiko, akamzungusha, akamlaza kifudifudi juu ya tuta. Goti mgongoni. Mkono nyuma. Pingu. Sekunde nne, kama alivyofundishwa. Uso wa mzee ulizama kwenye majani yenye barafu.

"Usitikisike!"

Hakutikisika.

Akaanza kusema.

Maikrofoni ilikuwa bado inafanya kazi. Kile Kiswahili cha darasani kilikuwa kimemtoka chote. Aliongea kwa sauti ndogo, haraka, kama mtu anayesema maneno aliyokwisha kuyasema siku nyingine, mahali pengine, chini hivyohivyo.

"Musinipige. Batoto beko mu nyumba. Minawaomba. Musichome. Batoto beko mu nyumba. Batatu. Beko ndani."

Kila aliyekuwa pale aliisikia ndani ya sikio lake, karibu kama pumzi.

Mwanamke mmoja alikichomoa kisikilizio akakitupa chini. Mwingine aliziba uso. Simu tatu zilikuwa juu, zikirekodi.

"Wewe msichana!" Bi Fosia alifoka, akija na kiganja wazi. "Huyo ni mzee! Amekukosea nini? Betri! Kisikilizio changu kilikuwa kinakwaruza, akanipa betri! Hii hapa! Betri!"

Betri mbili ndogo kama punje za mahindi.

Fartun alizitazama. Akatia mkono kwenye mfuko wa mzee. Betri nyingine nne. Karatasi ya maelezo, imeandikwa kwa mkono. Kipande cha mkate kwenye plastiki.

"Saido?" Ilikuwa sauti ya Jeanne. Chai ilikuwa ikimwagika juu ya viatu vyake, hakuona. "Ni wewe, Saido?"

Fartun alirudisha betri mfukoni mwa mzee.

Damu ilimpanda usoni. Aliona haya kama mtoto aliyefumaniwa.

Na chini ya goti lake mzee alikuwa bado anaomba.

Hapo, nyuma ya kundi, yule mhandisi wa Brussels alimgeukia jirani yake.

"Anasema nini?" aliuliza. "Huyo mzee, anasema nini?"

Kisikilizio kilikuwa sikioni mwake.

Watu wote walikuwa wamesikia. Yeye hakusikia. Kipokezi namba saba, kifuani pake, hakikuwa na taa. Kilikuwa kimekufa tangu mwanzo, na muda wote alikuwa ametikisa kichwa na kucheka wenzake wanapocheka. Bi Fosia aliomba betri kwa mkwaruzo tu, huyu hakuomba hata moja: ndani ya kipokezi chake mlikuwa na kitu kingine.

Jirani alimnong'oneza kitu. Gustave alimtazama mzee pale chini, akamtazama sana. Kisha akageuka, akashuka tuta kwa hatua za mtu anayewahi treni.

Fartun alimfungua mzee pingu.

"Khalif. Koti la ngozi. Anaelekea mferejini. Orodha iko ndani ya kipokezi chake."

"Umesema ni Mwalimu."

"Nimekosea."

"Kozi, rudia."

"Nimekosea! Mshikeni mwenye duka la vipokezi. Mimi namfuata huyu."

Alikimbia.

Alishuka tuta, akavuka handaki, akaruka ua wa chuma. Gustave alikuwa ameshafika kwenye kinjia cha kando ya mfereji. Alikuwa akikimbia huku akibomoa kipokezi kwa kucha. Mahali pa betri palikuwa na memori kadi. Akaichomeka kwenye simu.

"Anatuma! Khalif, kata mtandao!"

"Sekunde kumi."

"Sina kumi!"

Mwendesha baiskeli alitokea chini ya daraja, akapiga kengele. Gustave alimkwepa, akateleza, akageuka na bastola ndogo nyeusi mkononi. Risasi ya kwanza iligonga matofali. Ya pili ilimpita Fartun shavuni kama nyuki. Mwendesha baiskeli alikuwa katikati yao, amejilaza, mikono kichwani.

Fartun hakufyatua. Alichukua ile baiskeli, akaisukuma kwa nguvu zake zote.

Ilimpiga Gustave magotini. Bastola ikaingia majini. Fartun akafika, kiwiko kwenye koo, pigo moja chini ya mbavu. Simu ikaanguka kwenye kokoto, kioo juu.

Asilimia tisini na moja.

Tisini na nne.

Ikaganda.

*Hakuna mtandao.*

"Kiota kwa Kozi. Nimekata. Hali?"

"Ninaye. Haikutoka."

"Alhamdulillahi. Kazi safi!"

Fartun alimfunga Gustave pingu zilezile. Mtu yule alikuwa anahema, na katikati ya kuhema alikuwa anacheka.

"Unajua kwa nini nilikuja mwenyewe?" alisema. "Muuzaji alituambia, njoo uone sampuli. Mmoja wa wale wanne anatembeza watu kila Jumamosi. Mwone kwa macho, ndipo ulipe. Lakini picha yetu ilikuwa ya zamani. Nilimwangalia tangu getini, sikuwa na uhakika." Akatema damu. "Wewe ukamlaza chini. Nikaambiwa anayoyasema. Watoto watatu, nyumba imechomwa. Nikajua ndiye. Asante, mademoiselle."

Fartun aliokota simu. Majina yalikuwa kwenye kioo. La tatu lilikuwa la Cyriaque. Chini yake Jeanne. Chini yake mtaa wa Erdington, namba ya nyumba, nyumba aliyokula mara nne.

Alikaa kwenye kokoto. Majina kwa Mwalimu: hayakuwa ya kupewa Mwalimu, yalikuwa ya kukabidhiwa pale kwake, kwenye matembezi yake. Aliwaza ile leso ndani ya droo, na picha alizozifunua kwa vidole vya mwizi akazirudisha, akaenda kuandika kwamba hakuna kitu.

* * *

Khalif alikuja na watu wawili, wakamchukua Gustave. Mwenye duka la vipokezi alikuwa tayari amekamatwa, bila vurugu, akiwa anafungua duka.

"Hukujua," Khalif alisema. "Hata mimi sikujua."

"Video zile?"

Khalif alitazama maji. "Watu watatu walirekodi. Moja imeshasambaa. Uso wa Mwalimu unaonekana. Itabidi wahamishwe leo jioni, yeye na mkewe. Mji mwingine, majina mengine."

"Kanisa lao? Nyumba?"

"Fartun, wako hai."

"Ndiyo."

"Basi twende. Amri ni uondoke mara moja, usiongee na mtu."

Fartun alianza kupanda kurudi kule juu.

"Kozi! Sikia! Kozi!"

Alikitoa kidude sikioni, akakitia mfukoni.

Walikuwa bado pale, hakuna aliyeondoka. Cyriaque alikuwa ameketi juu ya tuta, na Jeanne alikuwa anamwondolea majani kwenye ndevu, moja moja, bila haraka. Bi Fosia alikuwa amesimama mbele yao kama mlango. Alipomwona Fartun, hakusogea.

"Mwache apite, mama," Cyriaque alisema.

Fartun alipiga magoti kwenye majani mabichi. Alikuwa amepanga maneno njiani, yote yakapotea. Akasema yaliyobaki, kwa sauti ambayo kila mtu angeisikia, maana fedheha ilikuwa imefanywa mbele ya kila mtu.

"Mimi si Saido. Naitwa Fartun. Nimewadanganya wiki tatu. Nimekula kwenu, nimepekua vitu vyenu. Mzee huyu hana kosa. Hana hata dogo. Kosa ni langu mimi, si la aliyenituma. Niliulizwa kama nina uhakika, nikasema ndiyo. Nisameheni, Mwalimu. Nisamehe, mama."

Jeanne aliendelea kuondoa majani.

Cyriaque alimgeuzia uso. Shavu lake moja lilikuwa limechubuka.

"Umeshika yule mwenye unatafuta?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Bon." Alifuta mdomo kwa mkono wa koti. "Na sisi? Tutahama tena?"

Fartun aliitikia kwa kichwa.

Jeanne akaacha kuondoa majani. Mkono ulibaki hewani kidogo, kisha ukaendelea.

"Kukusamehe, leo siwezi," Cyriaque alisema. "Sitakudanganya. Pengine siku ingine. Sasa uende. Hawa watu walitoka mbali, na hii ni ya mwisho yangu hapa."

Aliinuka kwa kumshika Bi Fosia bega. Akapuliza maikrofoni kuona kama bado ni nzima, na wageni, mmoja baada ya mwingine, wakarudisha visikilizio masikioni.

"Handaki," alisema. "Tulikuwa tunafika kwa handaki. Mukuje huku, pole pole, kunateleza."

Walimfuata. Hakuna aliyegeuka.

Chini barabarani Khalif alikuwa amefungua mlango wa gari. "Wakubwa wanapiga simu. Wanataka kukupongeza. Panda, baridi hii."

Fartun alitikisa kichwa, akapita.

Aliteremka kuelekea stesheni, mikono mfukoni, mgongo wima, hatua hazina haraka. Kijana mmoja na mpenzi wake walimpisha njia. Aliyemwona kwa mbali angesema, mwanamke huyu hana wasiwasi wowote duniani.

Uso ulikuwa unamwaka moto, na hakuthubutu kumtazama mtu yeyote machoni.