Kero ya Fundi Funguo

Mpima sauti alikuwa na kipaza sauti chenye manyoya, na gauni la bluu ambalo halikustahili kabisa vumbi la stendi ya mabasi. Fundi funguo alimwona kutoka kibandani kwake akiwasimamisha abiria na kuwauliza jambo. Mashine ya kukatia funguo ilikuwa ikitoboa masikio ya watu, kwa hiyo akaizima ili asikie dada wa watu anauliza nini. Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa moyo mweupe.

"Sauti za hapa zinakupendeza au zinakukera?" dada akamfikia na yeye.

"Hii yako inanipendeza."

"Nimeuliza za stendi, kaka."

"Kwani wewe hauko stendi?"

Mpima sauti alijikaza asicheke, akashindwa.

Basi damu zao zikapatana. Alimweleza kazi yake: anapima sauti, anawahoji watu, kisha kompyuta ya ofisi ya jiji inajifunza kubashiri ni wapi watu watapapenda na wapi patawakera, kabla mabenchi ya kupumzikia hayajawekwa. Fundi alielewa nusu, akaitikia yote. Kila dada alipotokea getini, fundi alizima mashine, akajifuta mikono, akachana nywele. Wateja walinuna. Mama yake alipopiga simu kuuliza mbona kazi imedorora, akasingizia umeme. Jioni ikawa laazizi huku, mpenzi kule, mpaka simu inachemka sikioni, na fundi akaanza kuwaza nyumba ya vyumba viwili.

Asubuhi moja vibarua wa jiji wakashusha mabenchi mbele ya kibanda chake. Kompyuta imesema, walimweleza, hii ndiyo kona tulivu kuliko zote; watu watakaa hapa na kufurahi.

Watu walikaa, mashine ikawashwa, watu wakainuka wakitukana. Malalamiko yakamiminika ofisini. Mkuu wa ofisi akamwambia mpima sauti arudie vipimo vya kona ile, na akiboronga tena atamwaga unga. Dada alikuja kibandani macho yamemvimba.

"Ulinichezea," alisema. "Ulijua napima kelele, ukazificha zako ili jiji lisikuhamishe. Na mimi mjinga nakuita mpenzi."

Fundi alifungua mdomo, lakini tayari alikuwa amepewa kisogo. Simu zake hazikupokelewa. Alikata funguo zikatoka kombo. Kibanda angeweza kukihamisha popote. Lakini mwanamke mwingine kama yule angempata wapi?

Mpima sauti aliporudi na kipaza sauti chake, hakumsalimia. Mkono wa fundi ulikwenda wenyewe kwenye swichi kuizima mashine. Akauzuia, akashika ufunguo ambao hakuna aliyeuagiza, akaanza kuukata. Kona nzima ilitetemeka. Kwenye benchi, bibi mmoja mwenye mfuko mkubwa alikuwa akihojiwa huku ameziba masikio. Fundi alipiga moyo konde, akapaza sauti juu ya mashine.

"Sikuficha kitu! Nilikuwa nazima ili nikusikie wewe. Jiji linihamishe linapotaka, mimi nataka kukuoa."

Stendi nzima iligeuka. Bibi akaondoa mikono masikioni. "Andika inanipendeza," alimwambia mpima sauti. "Inanipendeza sana." Kijana wa benchi la pili akasema na yeye aandikwe hivyo hivyo, na mama wa benchi la tatu.

"Umeniharibia tena," mpima sauti alisema, machozi na kicheko vikigombania uso wake. "Nitapelekaje majibu kama haya ofisini?"

Akazima kipaza sauti, akamsogelea fundi, akamnong'oneza sikioni, "Nimekubali. Sasa funga mdomo, ukate funguo, uwakere watu mpaka niseme basi."

Fundi alikata funguo za milango isiyokuwepo, watu wakang'aka, na kila mmoja aling'aka ipasavyo mbele ya kipaza sauti. Safari hii kompyuta ilibashiri kero tupu, na ikawa kweli. Mabenchi yakahamishwa, kibanda kikabaki, na hakuna mtu aliyewahi kulalamikiwa na stendi nzima akiwa na furaha kama yule bwana harusi mtarajiwa.