Mahari Iliyorudi kwa Miguu

Zizi lilikuwa tupu. Ng'ombe wa mahari walioletwa pale Didia baada ya mavuno walikuwa wametoweka usiku, na Mzee Magesa alilia machozi ya kweli mbele ya polisi.

Inspekta Ghati, mpelelezi kutoka Shinyanga mjini, hakuwa na haraka ya kumpa pole. Mkurya aliyekulia zizini huanza na nyayo.

"Mbwa walibweka?"

"Hapana, afande."

"Miiba ya mlangoni ilivunjwa?"

"Ilisogezwa tu. Halafu ikarudishwa."

Mwizi gani huyo mwenye adabu ya kufunga mlango? Tena kwato zilikuwa zimekanyaga juu ya alama za kandambili ndogo. Mwizi huswaga ng'ombe kutoka nyuma, kwa fimbo. Huyu alitangulia, nao wakamfuata. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Nani huwakamua?"

"Binti yangu, Limi."

"Mwite."

Mzee akamtazama mkewe. Mkewe akatazama chini.

"Hatujamwona tangu jana, mayu," alisema mama polepole, akimwita Ghati "mama" kwa Kisukuma.

Hasira zilimpanda Ghati. "Mzee, ulikuja kituoni kuripoti ng'ombe. Kwamba mtoto hayupo hukusema?"

"Mtoto atarudi, afande. Ng'ombe wakishavushwa kwenda Geita, ndiyo basi tena."

Limi alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la sita, na mahari ile ilitolewa ili aolewe. Ghati alimchukua Violeth, ofisa ustawi wa jamii, wakafuata kwato hadi ng'ambo ya bonde, nyumbani kwa Pantaleo, aliyekuwa akinunua dhahabu huko Geita. Ndiye aliyetoa mahari.

Ng'ombe walikuwa zizini kwake wakicheua. Kando ya zizi palikuwa na nyumba iliyofungwa kufuli kwa nje.

"Kaja mwenyewe," alisema mama yake Pantaleo. "Mwanangu yuko njiani. Bibi harusi akishajileta, anarudishwaje?"

"Fungua."

Limi alitoka akiwa na kandambili mkononi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mwanangu. Nani aliiba ng'ombe wa baba yako?"

"Nimewachukua mimi. Ila sikuiba, nimewarudisha." Sauti yake ilikuwa ya mtoto anayejibu swali darasani. "Shangazi alipoachika, mali ilirudishwa kwa mumewe, akawa huru. Mama alisema hana la kufanya, mali imeshapokelewa. Nikaona nikiirudisha, nitaendelea na shule. Nikamwambia bibi huyu, mali yenu hii hapa, kwaherini. Akanifungia ndani."

Violeth aligeuka pembeni akafuta macho. Ghati alikuwa amehoji majambazi wengi, na hakuna ungamo lililowahi kumuuma hivi. Mtoto alikuwa ameishika mila ya wakubwa vizuri kuliko wakubwa wenyewe, na mila hiyo hiyo ikamtia mtegoni.

Alimpigia Magesa simu.

"Binti yako tumempata. Mzima."

Mzee hakuuliza yuko wapi.

"Na ng'ombe?"

Limi alisikia. Hapo ndipo machozi yalipomtoka kwa mara ya kwanza, akamshika Ghati mkono wa sare.

"Afande, msimrudishie baba hao ng'ombe. Mimi nikiondoka, nyumbani anabaki Martina, mdogo wangu, atamwoza yeye badala yangu. Ana miaka tisa."

Ghati alikata simu. Aliwaacha askari wawili wamsubiri Pantaleo, akampandisha Limi mbele, karibu na Violeth, akamwambia dereva ageuze gari warudi Didia kumchukua Martina.