Kamba Ishirini na Moja

Kila asubuhi, kabla cherehani haijaanza kulia, mlango wa chumba cha uani ulifunguka. Kaka mkubwa alitoka. Alivuka ua kwa hatua kumi na mbili. Si kumi na moja, si kumi na tatu. Alisimama kando ya cherehani, akanyoosha mkono.

"Vya jana?" aliuliza.

Dada yake, fundi wa kushona nguo, alitia mkono kwenye kapu la mabaki. Alimpa kipande kimoja cha kitambaa kwa kila nguo aliyoishona jana yake. Kama alishona gauni moja na suruali mbili, basi vipande vitatu. Akitoa viwili, kaka hakuondoka. Alibaki pale, mkono mbele, amesimama kama nguzo ya umeme.

"Haya, chukua na cha tatu, uniachie nafasi," dada alisema. "Siku moja utanidai na kivuli changu."

"Kivuli hakishonwi," kaka alijibu, akarudi chumbani.

Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Alizaliwa na usonji, lakini pale nyumbani hakuna aliyelijua neno hilo. Wao walisema tu, "Ndivyo alivyo." Majirani walisema mengine, na hayakuwa mazuri. Walimpachika jina la Kamba. Vipande vyote alivitunga kwenye uzi mnene kwa sindano kubwa, na kila mwaka ulikuwa na kamba yake, na kila kamba ilikuwa na msumari wake ukutani. Alianza akiwa na miaka ishirini, wakati mama yao ndiye aliyekuwa fundi. Mama alipofariki, dada alirithi cherehani, mkasi, kapu na kaka.

Kamba zilikuwa ishirini na moja.

Juma moja ikaja habari kwamba shangazi wa mume angefika Jumapili. Shangazi huyo alikuwa na macho makali na ulimi mrefu kuliko macho. Sebuleni kulikuwa na viti vya mbao vitupu. Dada akaamua kushona mito sita. Kitambaa alikuwa nacho, cha kijani, kizuri. Alikosa kitu cha kujazia.

"Si kuna matambara ya Kamba?" mumewe alisema. Alikuwa mwashi, na viatu vyake vilikuwa vimeganda saruji. "Chumba kimejaa kama stoo. Shangazi akichungulia mle, sura zetu tutaziweka wapi?"

"Atakasirika."

"Atakasirika siku mbili. Utampa mengine. Tambara ni tambara, mke wangu."

Dada angeweza kukataa. Tusimfiche: hakukataa.

Ijumaa, mume alimwambia kaka, "Shemeji, twende kazini kwangu, ukanihesabie matofali." Kaka alipenda kuhesabu. Akaenda. Huku nyuma dada akaingia chumbani na mkasi. Alizishusha kamba moja baada ya nyingine. Yeye ni fundi mzuri, na fundi mzuri hajazi mto kwa vipande vikubwa, maana mto hufanya mabonge. Kwa hiyo alivikatakata vyote, vidogo kama kucha. Hadi saa kumi jioni mito sita ilikuwa tayari, imejaa, laini.

Kaka alirudi. Akavuka ua, hatua kumi na mbili. Akafungua mlango wake.

Hakupiga kelele. Dada alisimama uani, akasikiliza, hata akaanza kupumua. Ndipo ikaja sauti ya kichwa ukutani. Tena. Tena. Mume alikimbia, akaweka godoro kati ya kichwa na ukuta. Kisha kaka akalala, uso ukutani, chini ya misumari ishirini na mmoja.

Jumamosi hakula. Jumapili shangazi alifika, akajitupa kitini.

"Mashallah, mito laini hii!" alisema. "Umejaza nini?"

Dada akainama, akamsogezea chai. Shangazi akamcheka, "Basi nifiche siri yako ya ufundi!"

Jumatatu pia kaka hakula. Muuguzi wa zahanati alikuja, akampima. Alisema hakuona ugonjwa mwilini. "Lakini hakikisheni anakunywa maji. Akiacha kunywa, mleteni hospitali siku hiyo hiyo." Kaka alikunywa maji kidogo kwa kijiko. Macho yake hayakumwona mtu. Dada alishika tama mlangoni, akawaza: nimemuua kaka yangu, na anapumua.

Jumanne alikuja fundi wa kutengeneza cherehani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mikono myeusi hadi kwenye kiwiko, na watu walimwita Mafuta. Hakuwa mtu wa salamu ndefu. Hakumtazama mtu machoni.

"Cherehani inalia upande wa kushoto," alisema, akafungua sanduku lake. Halafu akauliza, "Kamba yuko wapi? Nikija, hunionyesha mpya."

Dada akamweleza yote. Bisibisi ikasimama mkononi mwa Mafuta.

"Ulivikata?"

"Nilivikata."

"Vyote?"

"Vyote. Dada yangu, yalikuwa matambara tu..."

"Kamba ya tisa," Mafuta alisema polepole, "kipande cha nne kutoka kwenye fundo. Cheupe, kina doa la chai. Hilo ni gauni lako la harusi. Mama yenu alimwaga chai kwa sababu alikuwa analia huku anashona."

Dada alikaa chini, sakafuni.

"Kamba ya kumi na nane," Mafuta aliendelea, "ina kipande cha sare ya shule. Mama yenu alishona mkono mmoja, hakuwahi wa pili. Baada ya hapo kuna mafundo matupu. Fundo ni siku ambayo hakikushonwa kitu. Mafundo arobaini. Kisha vinaanza vya kwako."

"Umejuaje haya yote?"

"Nilimwuliza."

Kapu la mabaki lilikuwa pale pale, miguuni pa dada. Alilitazama kama analiona leo.

"Miaka yote hii," alisema, "mimi sikuwahi kumwuliza."

Mafuta alifuta mikono. "Mimi nina usonji. Hospitali waliniambia nikiwa na miaka thelathini na minane. Nadhani na kaka yako anao. Mpelekeni wakamwangalie, akikubali. Usishtuke. Hauambukizi. Si wazimu, na hakuna aliyetuloga. Tunazaliwa nao, tunazeeka nao. Watu hudhani ni mambo ya watoto. Sasa watoto hao wakikua wanakwenda wapi? Wanakuwa mimi. Wanakuwa kaka yako."

"Na hizo kamba?"

"Dunia ina kelele, dada. Taa, sauti, watu wanaosema hiki wakimaanisha kile. Mimi nikichora gia kwenye daftari langu, kelele inapungua. Hakuna anayenunua gia zangu. Sizichori ziuzwe! Mwingine anaimba, mwingine anafuga ndege, mwingine anajua kila basi na njia yake. Hatufanani. Ni raha yetu, na ni mapumziko yetu. Kaka yako alipumzika kwenye kamba. Na kila asubuhi alikuja kuzungumza nawe kwa kamba hizo hizo."

"Niambie nifanye nini."

"Umeshafanya," Mafuta alisema. Hakuwa na ukali. Alisema tu ilivyo. "Hazitarudi. Usimpe gunia la matambara ukadhani mmelipana. Mwambie ukweli kwa maneno machache. Usimvute, usimshike ghafla. Punguzeni kelele. Chakula anachokijua, sahani ile ile, mahali pale pale. Na kila asubuhi, saa yake ikifika, weka vipande vya jana mlangoni kwake. Asipochukua, weka tena kesho. Kuanzia leo, kitu chake usikiguse bila kumwuliza. Akikataa, amekataa, ni mtu mzima. Na jambo likibadilika humu ndani, mwambie mapema: siku gani, saa ngapi, nani anakuja."

Mchana ule dada alipasua mito sita. Alimwaga vile vipande kwenye beseni, akaliweka karibu na kitanda.

"Kaka, nilichukua kamba zako. Nilizikata. Nilikosea."

Kaka aliingiza mkono kwenye beseni. Vidole vyake vilitafuta mle ndani, vikashika hiki, vikaacha kile. Hakuna kilichotosha kuwa kitu. Akafumba macho.

Siku zikapita. Vipande vya jana vilikaa mlangoni, jua likavipiga, jioni dada akaviokota. Kesho yake aliweka vingine. Mume naye alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shemeji, nilikudanganya kuhusu matofali. Nisamehe."

Kisha kutoka ukutani ikaja sauti kavu: "Yalikuwa mia sita na kumi na mawili."

Jioni hiyo alikula nusu sahani ya wali. Mume alitoka uani akalia, na mwashi yule hakuwa mtu wa kulia.

Siku ya kumi na moja, asubuhi, mlango ulifunguka. Hatua kumi na mbili. Kaka alikuwa amekonda, shati linamning'inia. Akanyoosha mkono.

"Vya Ijumaa?"

Dada hakuelewa. "Ijumaa ipi, kaka?"

Kaka alionyesha foronya za kijani, tupu, zilizokunjwa juu ya kiti. "Mito sita. Ilishonwa Ijumaa."

Dada akachukua mkasi. Alikata kijani, kipande, kipande, hadi sita, akampa. Kaka akavihesabu. Kisha akadai vya siku zote zilizofuata, kila nguo, moja moja, na dada hakuharakisha.

Sasa kaka anakula. Anazungumza, kwa kipimo chake. Kila alasiri dada huzima cherehani, hubisha hodi, na akiruhusiwa huingia, huketi, huuliza, "Hiki ni cha nini?" Naye huambiwa. Shangazi alikuja tena. Kaka aliarifiwa siku nne kabla, na shangazi alikalia mbao, akanung'unika, akazoea.

Lakini ukutani kuna kamba moja tu, na misumari ishirini mitupu. Gauni jeupe lenye doa la chai halimo. Mkono ule mmoja wa sare haumo. Kichwani mwa kamba kuna vipande sita vya kijani, na dada kila akiingia huviona kwanza.

Siku moja alishindwa kujizuia. "Kaka, hivi vya kijani, tuviondoe?"

Kaka hakugeuka. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano.

"Hapana," alisema. "Mito ilishonwa."