Gari Linalojua Kukataa

Kazi ya Caren ilikuwa jiwe. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule aliliondoa chini ya tairi la pikapu ya baba yake, na kila jioni alilirudisha. Ua wao, nje kidogo ya mji wa Migori, ulikuwa na mteremko mkali, na breki ya mkono ya pikapu ile ilikuwa imechoka kitambo. Kwa hiyo baba yake, Jacktone, aliegesha kama wenye magari makuukuu wote wa mtaa ule. Aliacha gari kwenye gia ya kwanza, akazima injini, kisha akaita, "Caren! Jiwe!"

Pikapu hiyo ndiyo iliyobeba dagaa wa omena kutoka ziwani hadi sokoni, na ndiyo iliyowalisha. Lakini Jacktone alilionea wivu gari la jirani yao, Mwalimu Mosoti. Lile lilikuwa la otomatiki, na lilitoka kiwandani na rimoti ya kuliwasha kwa mbali. Mwalimu alibonyeza kitufe akiwa bado anakunywa chai, nalo likanguruma lenyewe. Siku moja aliacha mlango wazi, na gari likakataa katakata kuwaka. Jacktone alicheka mpaka akashika mbavu.

"Yawa! Gari gani lenye maringo hivi? Linamkatalia hata mwenyewe!"

Jumapili moja alasiri akaja na Bravin, fundi wa umeme wa magari.

"Mzee, usihangaike kutafuta gari lingine," Bravin alisema huku akiunganisha nyaya chini ya usukani. "Rimoti ya kiwandani na hii ninayokufungia ni kitu kimoja."

Caren alikuwa amesimama mlangoni pa gari. "Lakini fundi, pikapu haiwaki mpaka Baba akanyage klachi. Akiwa ndani ya nyumba, nani atakanyaga?"

"Huo waya wa klachi nimeuruka. Sasa itawaka bila kukanyagwa."

"Na kama iko kwenye gia? Si itaondoka yenyewe?"

"Baba yako ataitoa. Mambo ya magari tuachie sisi wakubwa, mtoi."

Caren alikasirika. Ataitoa! Nani asiyejua kwamba mkono wa baba yake ulikwishazoea kuiingiza?

Jacktone alizunguka mtaa mara moja kujaribu gari, akarudi, akaegesha. "Caren! Jiwe!" Kisha akaanza kuwaita majirani waje waone maajabu. Mwalimu Mosoti alikuja na kikombe chake cha chai. Chini ya mteremko, mbele kabisa ya pikapu, Dani, nyanya yake Caren, alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua omena kwenye ungo.

Caren aliweka jiwe, kisha akachungulia dirishani. Gia ilikuwa ndani.

"Binti yangu ndiye atakayefungua shughuli!" Jacktone alitangaza, akampa rimoti. "Bonyeza!"

"Sibonyezi."

Jacktone alimgeukia.

"Unasemaje?"

"Sibonyezi, Baba. Gari liko kwenye gia, na Dani yuko mbele yake."

Jacktone aliona aibu mbele za watu. "Nimeitoa! Tangu lini mtoto akanifundisha gari langu? Lete hiyo rimoti!"

Caren aliificha mgongoni. Hakurudi nyuma. "Nipige ukitaka. Sikupi mpaka Dani aondoke pale."

"Caren, mbona unamwaibisha baba yako?" Dani alilalamika. Lakini alipomtazama mjukuu wake usoni, aliweka ungo chini, akainuka taratibu, akasogea kando. "Haya, nyathina, mwanangu. Nimeondoka."

Hapo Caren akaitoa rimoti. Jacktone aliinyakua akabonyeza kwa hasira.

Pikapu iliruka. Ilipanda juu ya jiwe, ikashuka kwa kishindo, ikasaga ungo na kigoda, na haikusimama mpaka ilipogonga mti wa mpera. Omena zikatapakaa uani.

"Uwiii!" Dani alipiga mayowe, mikono kichwani.

Jacktone alitazama vipande vya kigoda. Bravin naye alikuwa akitazama viatu vyake.

"Fundi," Mwalimu Mosoti alisema, "ungemsikiliza mtoto alipokataa. Gari langu hukataa kwa sababu waliolitengeneza walijua binadamu husahau. Wewe umelinyamazisha la Jacktone."

"Ni kweli, Mwalimu," Bravin alisema kwa sauti ndogo. "Nitaufungua mtambo wote na kuurudisha waya mahali pake."

Akaufungua siku hiyohiyo. Jacktone alimwendea binti yake, akachuchumaa mbele yake.

"Nililicheka gari la Mwalimu kwa sababu linakataa," alisema. "Kumbe kukataa kwake ndiko uzima wetu. Nikipata gari lingine, litakuwa linalojua kukataa tangu kiwandani. Mpaka hapo, ufunguo unanitosha. Na wewe, mwanangu, heshima si kuitikia ndiyo kila mara. Mkubwa akikosea, mwambie, hata akikasirika. Nisamehe."

Caren alifuta machozi, lakini hasira haikuwa imemwisha.

"Na kigoda cha Dani?"

"Nitamtengenezea kingine."

"Leo, Baba."

Jacktone akamtazama, akacheka kidogo, akaenda kutafuta msumeno.