Vioo Vilivyoshuka Vyenyewe

Ndugu zangu, ile ilikuwa nyumba ya amani. Kila asubuhi mwenye nyumba, fundi wa makochi, alilifuta gari lake kwa kitambaa laini, huku akilisemesha kama mtoto mchanga: "Umeamkaje, mrembo? Leo tuna mzigo." Kisha alipitia sebuleni, ambako baba yake mzee, aliyefiwa na mkewe mwaka uliopita, alikuwa amekaa dirishani.

"Shikamoo baba!" alisema, na kabla ya marahaba kutoka, ameshatundika ufunguo wa gari wenye rimoti kwenye msumari ukutani na kushika njia ya karakana yake nyuma ya nyumba. Nawaambieni ukweli, gari ndilo lililopata salamu nzuri zaidi.

Ghafla gari likaanza vituko. Fundi alilifunga kwa rimoti akaenda kazini. Akirudi mchana, vioo vyote vinne viko chini. Akabadilisha fyuzi. Akabadilisha betri ya rimoti. Siku moja mvua ikanyesha, kitambaa cha mahameli cha mteja kikaloa chapachapa kwenye kiti cha nyuma.

"Wewe ndiye uliyeingia garini mwisho!" akamfokea mkewe.

"Mimi? Humo nimeingia lini, baba watoto?" mkewe akajibu kwa uchungu. Ugomvi huo ukaendelea siku kadhaa. Naye mzee, akisikia kelele, alizidi kujikunyata kwenye kiti chake na kurudisha chakula nusu.

Mwishowe akaitwa fundi umeme wa magari. Alijaribu swichi zote, akafungua mlango mmoja na kukagua nyaya.

"Gari lako ni zima," akasema. "Aina hii, ukibonyeza kitufe cha kufungua milango ukakishikilia, vioo vyote vinashuka. Waliolitengeneza wameliweka hivyo ili joto litoke. Kuna mtu anabonyeza."

"Nani? Ufunguo unakaa kwenye msumari."

"Basi kauulize huo msumari."

Fundi makochi akaingia ndani kwa hasira, akakuta msumari mtupu. Ufunguo ulikuwa mapajani mwa baba yake. Kidole gumba cha mzee kilikuwa kimekandamiza kitufe, na macho yake yako nje. Gari likawasha taa zake za pembeni, vioo vikaanza kushuka polepole. Mzee akatabasamu, akalipungia mkono.

"Baba! Kumbe ni wewe?"

Mzee akashtuka, akauficha ufunguo chini ya shuka alilojifunika miguuni. "Nisamehe, mwanangu. Sikujua naharibu. Unakumbuka kazi yangu kule relini? Nikitoa ishara kwa taa, dereva wa treni ananijibu kwa honi. Siku nzima watu wananijibu. Sasa hili gari nikilibonyeza, linanikonyeza."

"Na vioo je, baba?"

"Nilidhani linanikaribisha." Akainamisha kichwa. "Mama yako hayupo. Wewe una kazi nyingi. Nikashukuru kupata hata wa kunikonyeza."

Fundi alijisikia vibaya mno. Machozi yakamtoka bila aibu. Akaketi sakafuni, karibu na miguu ya baba yake.

"Shikamoo, baba."

Safari hii akangoja.

"Marahaba, mwanangu," mzee akasema taratibu, halafu akaanza kisa cha treni iliyokwama darajani. Fundi akakisikiliza chote. Mkewe alipoleta chai, akamwomba radhi palepale mbele ya baba.

Tangu siku hiyo, fundi akipeleka makochi kwa wateja, mzee hukaa kiti cha mbele. Kioo cha upande wake hushushwa makusudi, naye husalimia njia nzima. Na sahani yake hurudi tupu.

FUNZO

Ndugu zangu, tunawalisha wazee wetu na kuwavika, tukadhani tumemaliza. Upweke nao ni maradhi, na mzee mwenye haya hatausema. Fundi yule alihangaika na fyuzi na nyaya, huku ubovu uko kwenye salamu yake ya asubuhi. Basi ukimwamkia mzazi wako, simama kidogo. Ingoje marahaba yake mpaka iishe.